Mkataba wa Miaka Miwili na Mkataba wa Kudumu: Upi Humfaa Mgeni?

Mazungumzo ya walimu wa kisomo mbele ya wanakisomo waliohitimu



Tunafurahi kuwaona wengi namna hii. Tunajua mmetoka shambani, na wengine bado mna matope miguuni. Hatutawaweka mpaka usiku. Lakini jambo la leo ni kubwa. Limekwisha kuingia katika nyumba mbili za kijiji chetu, na kesho laweza kuingia katika nyumba yako.

Juma lililopita mama mmoja, mwanakisomo mwenzenu, alituletea karatasi. Karatasi hiyo ni mkataba wa kazi wa binti yake. Binti anatakiwa aende Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Karatasi imeandikwa Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kiswahili hakuna hata neno moja. Lakini tarakimu ni tarakimu, na mama huyu tarakimu anazisoma vizuri. Aliweka kidole juu ya tarakimu 2, akatuuliza, "Walimu, hapa si wanasema miaka miwili?" Tukamwambia, ndiyo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mtoto wa jirani yangu amepata kazi ya ulinzi katika kampuni huko Qatar. Baba yake anatuambia kila siku, eti mwanawe kapata kazi ya kudumu. Wangu kapewa miaka miwili tu. Je, si heri nimkatalie wakala huyu, ningoje yule atakayeleta mkataba wa kudumu?"

Ndugu zetu, swali hilo ni zuri sana. Hatukulijibu siku ile ile, maana jibu la haraka lingeweza kumponza binti wa watu. Tulimwomba mama atupe siku chache. Tukaenda kwa jirani, tukaazima na karatasi ya yule kijana. Tukazisoma zote mbili. Leo tunajibu mbele yenu, kwa ruhusa ya wazazi wote wawili. Majina tunayaacha.

MKATABA WA MUDA NA MKATABA USIO NA MUDA

Tuanze na mambo tunayoyajua sote. Una ekari moja ambayo hulimi. Jirani anaitaka. Unaweza kumwambia, "Lima misimu miwili, kisha unirudishie." Au unaweza kumwambia, "Wewe lima tu. Siku nikiitaka nitakuambia." Yupi kati ya hao wawili amelala usingizi mzuri?

Yule wa misimu miwili anajua siku yake ya mwisho. Hapandi migomba, anapanda mahindi. Lakini katika misimu hiyo miwili ana haki ya kukaa, na wewe ukimtoa katikati utamlipa mahindi yake. Yule wa pili hana siku ya mwisho. Anaweza kulima miaka kumi. Anaweza pia kuambiwa kesho asubuhi kwamba shamba linatakiwa.

Mikataba ya kazi nayo ni hivyo hivyo. Mkataba wa muda maalumu una siku ya kuanza na siku ya kwisha. Mkataba usio na muda una siku ya kuanza tu. Huu wa pili ndio watu huuita wa kudumu, na neno hilo ndilo linalotupoteza. Kudumu hapa hakuna maana kwamba hutaachishwa kazi. Maana yake ni kwamba siku ya mwisho haikuandikwa. Upande wowote ukitaka kuumaliza, unatoa notisi, yaani taarifa ya mbele, kisha mnaachana.

Kwa mtu anayefanya kazi katika nchi yake, mkataba usio na muda mara nyingi ni mzuri. Akiachishwa anarudi nyumbani kwake, anatafuta kazi nyingine. Sasa je, kwa mgeni?

MGENI AMEFUNGWA KWA KAMBA MBILI

Katika nchi za Ghuba, yaani Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait, Bahrain na Oman, mfanyakazi wa kawaida kutoka nje haingii kwa kujipeleka. Lazima awepo mtu au kampuni ya kumdhamini. Mdhamini huyo huitwa kafili, na utaratibu wenyewe huitwa kafala. Kafili ndiye anayemwombea mfanyakazi ruhusa ya kuingia, na ndiye anayemwombea kibali cha ukaazi, ambacho walioko huko hukiita ikama.

Basi, mgeni ana karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba wa kazi. Ya pili ni kibali cha ukaazi. Ni kamba mbili, na zote mbili zimeshikwa na mkono mmoja, mkono wa mwajiri.

Tunaomba mlishike sana jambo hili. Mkataba unaweza kuandikwa bila siku ya mwisho. Kibali cha ukaazi kina tarehe yake. Lazima kihuishwe, na anayetakiwa kukihuisha ni mwajiri. Kazi ikikatika, kibali nacho hukatika. Akishindwa kupata mwajiri mwingine katika siku zilizowekwa, mfanyakazi anatakiwa aondoke nchini. Kwa hiyo mgeni mwenye mkataba wa kudumu anakaa juu ya kibali kisicho cha kudumu. Wazee walisema, kamba hukatikia pembamba. Ukitaka kujua nguvu ya kamba, usitazame pale iliponenepa.

Wala msidhani ni mambo ya Waarabu peke yao. Hata kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 2015 ya kusimamia ajira za wageni hutoa kibali cha kazi kwa muda wa miezi 24, kisha lazima kiombwe tena. Mgeni popote ni mgeni.

KILA NCHI NA SHERIA YAKE

Sasa tutazame nchi moja moja. Hatutasema zote, maana jioni haitoshi. Tutasema zile ambazo watu wetu wanakwenda sana.

Saudi Arabia. Sheria ya kazi ya nchi hiyo ya mwaka 2005, kifungu cha 37, inasema mkataba wa mfanyakazi asiye raia lazima uandikwe, na lazima uwe na muda. Zamani muda usipotajwa, muda wa kibali cha kazi ndio uliohesabiwa kuwa muda wa mkataba. Marekebisho yaliyoanza kutumika Februari 2025 yanasema muda usipotajwa, mkataba utahesabiwa kuwa wa mwaka 1 tangu siku ya kuanza kazi.

Mmesikia? Raia wa Saudi Arabia anaweza kuwa na mkataba usio na muda. Mgeni sheria haimpi. Basi wakala akikujia na kusema ana mkataba wa kudumu wa Saudi Arabia kwa Mtanzania, ama hajui asemalo, ama anajua na anakudanganya. Mama yetu angengoja mkataba huo mpaka nywele zimwote mvi.

Falme za Kiarabu, ambako ndiko Dubai na Abu Dhabi. Huko zamani ilikuwako mikataba ya namna zote mbili kwa wafanyakazi wa makampuni. Chini ya sheria ya mwaka 1980, mfanyakazi mwenye mkataba wa muda akiondoka katikati bila sababu aliweza kudaiwa mpaka nusu ya mshahara wa miezi 3. Sheria mpya ya mwaka 2021 ilianza kazi tarehe 2 Februari 2022. Iliifuta mikataba isiyo na muda. Makampuni yakapewa nafasi ya kubadilisha mikataba yote ya zamani, na siku ya mwisho ilisogezwa mpaka tarehe 31 Desemba 2023. Leo mkataba wa kampuni huko ni wa muda. Hata hivyo, upande wowote wenye sababu halali unaweza kuuvunja kwa notisi ya maandishi, si chini ya siku 30 wala si zaidi ya siku 90. Unaitwa wa muda, lakini mlango haukukomelewa.

Qatar. Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ndiko anakokwenda kijana wa jirani.

Qatar mikataba yote miwili ipo. Sasa sikilizeni kisa chake. Mwaka 2015 ilitungwa sheria namba 21, ikaanza kutumika Desemba 2016. Sheria hiyo ilisema hivi: mgeni mwenye mkataba wa muda, muda wake ukiisha, anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kumwomba ruhusa mwajiri wa kwanza. Lakini mgeni mwenye mkataba usio na muda, lazima kwanza atimize miaka 5 kwa mwajiri yule yule.

Jamani, fikirini! Watu wawili wameingia siku moja. Mmoja kapewa miaka miwili, analalamika. Mwingine kapewa wa kudumu, anafurahi. Mwajiri akiwa mbaya, wa miaka miwili anahesabu miezi 24 na kuhama. Wa kudumu anahesabu miezi 60. Ule wa kudumu ndio uliokuwa kamba ndefu zaidi.

Sheria hiyo imebadilishwa. Tangu Agosti 2020, mfanyakazi wa Qatar anaweza kuhama kabla mkataba haujaisha, kwa kutoa notisi: mwezi 1 kama amefanya kazi miaka 2 au pungufu, miezi 2 kama amezidi hapo. Mwaka 2021 ukaanza pia mshahara wa kima cha chini, riyali 1,000 kwa mwezi. Asiyepewa chakula huongezewa riyali 300, na asiyepewa malazi huongezewa riyali 500. Hayo ni maendeleo, tuyataje. Lakini notisi hiyo ina pande mbili. Mwajiri naye anaweza kuitoa. Kijana wa jirani yetu, pamoja na mkataba wake wa kudumu, anaweza kupewa barua leo, na baada ya mwezi 1 akawa hana kazi. Baba yake tulipomweleza hivyo alikaa kimya, halafu akasema, "Kumbe kudumu kwenyewe ni mwezi mmoja mmoja." Hatukuwa na jibu bora kuliko hilo.

Oman. Hapa tuna la kusema kutoka kwetu wenyewe. Mmoja wetu walimu, kabla ya kuja kufundisha kisomo, alifanya kazi katika duka huko Oman. Tulimaliza mkataba wetu wa miaka 2 bila kosa. Tulipata mahali pengine palipokuwa na mshahara mzuri zaidi. Tukamwomba tajiri wetu barua ya kutukubalia kuhama. Akakataa. Akasema, "Kama hutaki kukaa kwangu, rudi kwenu." Wakati huo bila barua ile hukuruhusiwa kuhamia kwa mwingine, na kanuni ya tangu mwaka 2014 ilimzuia mtu kama huyo kurudi Oman kufanya kazi mpaka ipite miaka 2. Tukarudi nyumbani. Nafasi ile ikapotea, na deni la nauli tulikuwa bado hatujalimaliza. Mkataba wetu ulikuwa umekwisha, lakini kamba ya pili ilikuwa haijakatwa.

Sharti la barua hiyo liliondolewa tarehe 1 Januari 2021. Mkataba ukiisha, mfanyakazi anaweza kwenda kwa mwajiri mwingine bila barua ya yule wa kwanza. Tunafurahi kwa ajili ya wenzetu wanaokwenda sasa. Kwetu sisi sheria ilichelewa.

TUPIGE HESABU

Kisomo bila hesabu ni nusu ya kisomo. Chukueni kalamu.

Mfano wa kwanza. Mtu anafanya kazi katika kampuni Saudi Arabia. Mkataba wake ni wa miaka 2, mshahara riyali 1,500 kwa mwezi. Baada ya mwaka 1 anaachishwa bila sababu halali. Sheria ya kazi, kifungu cha 77, inasema fidia ya mkataba wa muda ni mshahara wa muda uliobaki. Imebaki miezi 12. Basi 1,500 mara 12 ni riyali 18,000.

Kama mtu huyo angekuwa raia mwenye mkataba usio na muda, fidia ingekuwa mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Kwa mwaka 1 ni riyali 750. Lakini sheria inasema fidia isipungue mshahara wa miezi 2, basi angepata riyali 3,000.

Linganisheni 18,000 na 3,000. Mkataba wa muda hapo umekuwa ngao.

Lakini msishangilie mapema. Ngao hiyo ina matundu mawili. Tundu la kwanza, kifungu hicho kinafuatwa tu kama mkataba wenyewe haukutaja fidia nyingine. Waajiri wengine wanaandika fidia ndogo, na mfanyakazi anatia sahihi bila kusoma. Tundu la pili, kifungu hicho hukata pande zote. Mfanyakazi akiondoka katikati bila sababu halali, yeye naye anaweza kudaiwa.

Mfano wa pili. Kijana wa Qatar. Mshahara wake wa msingi ni riyali 1,200 kwa mwezi. Sheria ya huko inasema mfanyakazi aliyetimiza mwaka 1 au zaidi hupewa kiinua mgongo anapoondoka, na kisipungue mshahara wa msingi wa majuma 3 kwa kila mwaka. Gawanya 1,200 kwa siku 30, unapata 40 kwa siku. Zidisha kwa siku 21, unapata riyali 840 kwa mwaka. Kwa miaka 2 ni 1,680. Kwa miaka 5 ni 4,200. Angalieni, hesabu ni ya mshahara wa msingi. Kama kampuni imeandika mshahara wa msingi mdogo, ikajaza posho nyingi, kiinua mgongo kitakuwa kidogo. Ndiyo maana huwa tunawaambia, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mfanyakazi ni nakala ya mkataba wake.

Na kiinua mgongo hiki hakiulizi kama mkataba ni wa muda au wa kudumu. Kinahesabu miaka.

KAZI ZA NYUMBANI NI JAMBO LA PEKE YAKE

Sasa turudi kwa binti wa mama yetu. Hapa ndipo penye uzito.

Hesabu ile ya riyali 18,000 si yake. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Wao wana kanuni zao. Mwaka 2021 Saudi Arabia ilipowaruhusu wafanyakazi wa makampuni kuhama mwajiri mkataba ukiisha, bila ruhusa yake, wafanyakazi wa nyumbani hawakuwamo katika mpango huo. Kanuni zao za mwaka 2013 ziliweka siku 1 ya mapumziko kwa juma. Ziliweka pia malipo ya mwisho ya mshahara wa mwezi 1, kwa aliyetimiza miaka 4 mfululizo kwa mwajiri mmoja. Mkataba wa binti ni wa miaka 2. Kwa hesabu hiyo ni lazima amalize mikataba miwili, katika nyumba ile ile, ndipo apate mwezi 1. Akimaliza mmoja na kuhamia nyumba nyingine, hesabu inaanza upya.

Nchi nyingine nazo zimewatungia wafanyakazi wa nyumbani sheria zao. Qatar ilitunga yake mwaka 2017. Inaweka saa za kazi zisizidi 10 kwa siku, siku 1 ya mapumziko yenye malipo kwa juma, likizo ya majuma 3 kwa mwaka, na kiinua mgongo cha majuma 3 kwa kila mwaka. Falme za Kiarabu zilitunga mpya mwaka 2022. Sheria zipo. Lakini nyumba ya mtu ina mlango, na mlango ukifungwa, mkaguzi haoni ndani. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Novemba 2017 juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Ilieleza habari za pasi za kusafiria zilizochukuliwa, kazi za saa nyingi mno, mishahara iliyopunguzwa au kunyimwa, na wengine kupigwa.

Kwa mtu aliye ndani ya nyumba kama hiyo, miaka 2 ni mirefu. Akitoka bila kufuata utaratibu, mwajiri anaweza kumripoti kwamba ametoroka, na mara hiyo kibali chake kinaharibika. Yeye aliyeonewa ndiye anageuka mkosaji. Kwa hiyo kwake tarehe ya mwisho si ubaya. Tarehe ya mwisho ni taa. Anajua siku ambayo anaweza kusema, "Nimemaliza, nipeni changu, nakwenda kwetu."

JIBU LETU

Mama, ulituuliza usubiri mkataba wa kudumu au ukubali wa miaka miwili. Jibu letu ni hili. Mgeni mwenye kafili, mkataba wa kudumu haumpi kudumu, maana kibali chake kina tarehe. Usiutafute huo. Wala usichukue wa miaka miwili kwa sababu tu ni wa miaka miwili. Uliza unavyovunjika kabla ya mwisho, na uliza unavyokwisha.

Kuna maswali 7. Tumeyaandika ubaoni. Yanakilini.

1. Mkataba unaanza siku gani? Siku ya kutia sahihi, siku ya kufika, au siku ya kuanza kazi? Na unakwisha lini?
2. Muda wa majaribio ni miezi mingapi? Akiachishwa ndani ya muda huo, nauli ya kurudi analipa nani?
3. Nani anaweza kuuvunja kabla ya mwisho, kwa notisi ya siku ngapi? Imetajwa fidia gani, na nani anamlipa nani?
4. Mkataba ukiisha, unahuishwa wenyewe au lazima waandikiane tena? Kama mfanyakazi hataki kuendelea, atoe taarifa lini?
5. Mshahara wa msingi ni kiasi gani, mbali na posho?
6. Mwishoni anapata nini? Kiinua mgongo, malipo ya likizo, tikiti?
7. Kibali cha ukaazi kitahuishwa na nani, na gharama ni ya nani?

Juu ya gharama, mfahamu kwamba sheria ya kazi ya Saudi Arabia inamtaka mwajiri alipe gharama za kumleta mfanyakazi na ada za vibali. Ile ya Falme za Kiarabu inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta. Basi akija mtu hapa kijijini na kusema, "Uzeni ng'ombe mmoja, nipeni fedha ya mkataba," mwulizeni fedha hiyo ni ya nini. Mwulizeni pia leseni yake. Wakala wa kupeleka watu nje anatakiwa awe na leseni ya serikali. Kama anaona haya kuionyesha, na ninyi oneni haya kumpa mtoto.

Jambo jingine. Mkataba ukiwa na Kiarabu na lugha nyingine, na maneno yakatofautiana, Kiarabu ndicho kinachofuatwa. Tafuteni mtu asiye wa wakala anayesoma Kiarabu, awasomee upande ule. Katika karatasi ya binti, upande wa Kiingereza umetaja siku ya mapumziko. Mwalimu wa madrasa aliyetusomea upande wa Kiarabu hakuiona siku hiyo. Tumeiwekea alama. Wakala ataulizwa.

Mwisho, nakala. Binti aende na nakala moja, nakala nyingine ibaki nyumbani kwa mama. Pigeni na picha kwa simu. Hutokea mtu akatia sahihi karatasi moja huku, akifika kule akapewa nyingine yenye mshahara mdogo. Bila nakala ya kwanza utamwonyesha nini balozi? Tanzania ina balozi Riyadh, Abu Dhabi, Doha na Muscat. Namba ya simu ya ubalozi iandikwe ndani ya nguo kabla ya safari, maana begi linaweza kuchukuliwa.

Ndugu wanakisomo, hatukuja kuwakataza watoto kusafiri. Bati za nyumba kadhaa hapa kijijini zimetoka Uarabuni, tunaziona zikimetameta. Lakini zamani wazee wetu waliweka dole gumba juu ya karatasi wasizozijua, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Ninyi mnayo njia. Mmekaa hapa jioni nyingi mkijifunza a, e, i, o, u. Mlikuwa mkijiandaa kwa siku kama hii.

Wakala alimwambia mama kwamba anataka sahihi kabla ya Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Mama amesema kwamba Jumamosi atakwenda na binti, na yale maswali 7, na mmoja wetu. Maswali yakijibiwa kwa maandishi, binti atatia sahihi yake mwenyewe, si dole. Yasipojibiwa, karatasi itarudi ilikotoka, na binti atarudi nyumbani kwa mama yake.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini mgeni mwenye mkataba wa kudumu anaweza kukosa kazi na makao kwa pamoja?
2. Mfanyakazi wa kampuni Saudi Arabia ana mkataba wa miaka 2, mshahara riyali 1,800. Ameachishwa bila sababu halali baada ya miezi 18, na mkataba haukutaja fidia. Anastahili kiasi gani?
3. Ikiwa ungekuwa mama wa binti, ni swali gani kati ya yale 7 ungeliuliza kwanza? Eleza sababu.